Filamu ya Mtoto Asiyesoma, na Sisi Tuliokaa Kibandani

Jumamosi moja mjini Koboko, kwenye kibanda cha video nyuma ya soko, kijana anayetutafsiria filamu alifika mahali ulimi ukamkwama. Mwalimu wa kwenye filamu alikuwa amekaa sebuleni na baba na mama wa mtoto, akawatajia jina la kitu kinachomsumbua mtoto wao. Disleksia. Kijana wetu akanyamaza kidogo, jenereta ikinguruma nje, halafu akasema kwenye kipaza sauti: "Anasema mutoto iko na ugonjwa wa herufi." Nyuma yangu mama mmoja wa kutoka Aba, ambaye tangu mwanzo hakuwa ametoa neno, akauliza kwa sauti: "Sasa dawa yake ni gani?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali hilo hilo ndilo lililonipeleka kibandani.

Filamu yenyewe ni Taare Zameen Par, ya India, iliyotoka Desemba 2007. Jina lake maana yake ni nyota zilizo juu ya ardhi. Aamir Khan ndiye aliyeiongoza, na yeye mwenyewe anacheza mwalimu wa sanaa anayeitwa Nikumbh. Hadithi iliandikwa na Amole Gupte. Ni ndefu, saa mbili na dakika 40 hivi, na kwetu jenereta ilizimika mara mbili, kwa hiyo tulitoka giza limeshaingia. Nimeiona mara tatu sasa: mara moja Koboko, mara moja Arua kwenye kompyuta ya rafiki, na mara ya tatu nitawaambia mwishoni. Kila mara imenigusa, na kila mara nimetoka nikiwa na hasira nayo kidogo. Nataka kusema hasira hiyo inatoka wapi.

Kwanza haki yake. Nusu ya kwanza ya filamu hii ni kweli tupu. Ishaan ni mtoto wa miaka minane wa Mumbai, kaka yake Yohaan ni wa kwanza darasani, na yeye anarudia darasa. Angalieni jinsi filamu inavyoonyesha uongo wa mtoto asiyeweza kusoma. Si uongo wa mtoto mbaya. Anaficha karatasi za mitihani, anatoroka shule siku nzima na kuzurura mjini akitazama mafundi na wapaka rangi, kisha anambembeleza kaka yake aandike barua ya kuomba ruhusa kana kwamba aliugua. Akiambiwa asome ubaoni anasema herufi zinacheza, na mwalimu anafikiri anafanya mzaha. Baadaye anaona ni afadhali kuitwa mtundu kuliko kuitwa mjinga. Wallahi, huyo mtoto ninamjua. Analala nyumbani kwangu.

Ni mtoto wa dada yangu. Yuko P.7 mwaka huu. Miaka minne nimemwita mvivu, na mara mbili nilimchapa, mara ya pili kwa sababu alirarua daftari lake la Kiingereza. Baba wa Ishaan akimzaba kofi mwanawe, watu kibandani walimzomea baba. Mimi niliangalia chini, nikajifanya natafuta kiatu.

Kuna sehemu moja katika nusu hiyo ambayo naiona bora kuliko zote, na watu wengi wanaipita bila kuiona. Ishaan ameshapelekwa bweni. Mwalimu wa lugha anauliza maana ya shairi. Ishaan anaeleza kwa maneno yake mwenyewe, anaeleza vizuri, na mwalimu anamkatiza. Anainuka mtoto mwingine, anamwaga maelezo aliyokariri kutoka kwenye daftari, anapongezwa. Kisha Rajan, mtoto aliyekaa kando ya Ishaan, ambaye miguu yake ina vyuma na anatembea kwa magongo, anamnong'oneza kwamba maana ya kweli ndiyo aliyoitoa yeye. Dakika mbili tu. Lakini hapo ndipo filamu inaposema jambo kubwa kuliko yote: mtoto huyu anaelewa kwa masikio na anajibu kwa mdomo, na shule imefunga milango yote miwili.

Jambo hilo ni la zamani. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika kwenye British Medical Journal habari za kijana wa miaka 14 aliyeitwa Percy, mwerevu kama wenzake kwa kila kitu, ila hakuweza kusoma. Mwalimu wake alisema huyo angekuwa wa kwanza shuleni kama masomo yote yangekuwa ya mdomo. Miaka zaidi ya mia moja na ishirini imepita, na bado tunangoja mtu wa kuyafanya ya mdomo.

Daktari huyo aliuita ule ugumu upofu wa maneno. Alifikiri ni jambo la kuona. Na hapa ndipo hasira yangu ya kwanza na filamu. Ili tujue mtoto anahisi nini, Aamir Khan anatuonyesha herufi zikiinuka kwenye ukurasa, zikitambaa kama wadudu. Ni picha nzuri, inaingia moyoni. Lakini inapotosha. Wajuzi wa mambo haya kwa miaka mingi sasa wamesema kiini cha disleksia hakiko machoni. Kiko mahali akili inapokata neno kuwa sauti, na kuifunga kila sauti kwenye herufi yake. Kugeuza b na d, ambako filamu inakutaja kama alama kuu, karibu watoto wote wanaoanza kuandika hufanya hivyo, kisha wengi wanaacha.

Mtasema ni kitu kidogo. Si kidogo. Baada ya ile Jumamosi, majirani wawili waliwapeleka watoto wao kupimwa macho, teksi kwenda Arua na kurudi, na mmoja alirudi na miwani. Mtoto anapendeza sana kwa miwani ile. Kusoma, bado. Picha ya dakika moja kwenye ukuta wa kibanda ilimaliza pesa ya chakula ya mwezi. Msanii anaruhusiwa kutia chumvi, sikatai, lakini ajue kuna watu watakaoichukua picha yake kama cheti cha daktari.

Kama angetaka sauti, sisi tungempa mfano. Watoto wa kambini wana mchezo wa kugeuza maneno, ule watu wa pwani wanauita kinyume: silabi ya mwisho inaletwa mbele, nyumba inakuwa mbanyu, kalamu inakuwa mukala. Wanaongea hivyo haraka haraka ili wakubwa tusielewe. Mpwa wangu hachezi. Nilidhani ameshakua, ameacha utoto. Siku moja nikamwomba tu, tukiwa tunamenya mihogo: sema "matoke" bila "to". Alikaa kimya muda mrefu, akatabasamu, akaomba kisu kingine. Mdogo wake wa P.2 akajibu kutoka mlangoni bila hata kutugeukia.

Hasira ya pili inahusu lugha. Nikumbh anamgundua Ishaan kwa kupitia madaftari yake: anaona makosa yanayojirudia, neno moja limeandikwa kwa namna tatu kwenye ukurasa mmoja, anajua. Sawa. Lakini lete Nikumbh hapa kwetu umpe daftari la mtoto wa kambini. Mpwa wangu alianza shule ng'ambo, Kongo, ubao ukiwa na Kifaransa. Tukakimbia. Akaingizwa P.2 upande huu, ambako tangu mtaala wa 2007 (mwaka ule ule wa filamu, angalieni) madarasa matatu ya kwanza yanafundishwa kwa lugha ya mahali, kwa hiyo akapewa Kikakwa. P.4 ikaja, lugha ikawa Kiingereza. Nyumbani tunaongea Kiswahili, sokoni Kilingala, na marafiki zake wa Kinubi wana yao. Daftari la mtoto kama huyo limejaa makosa hata kama kichwa chake hakina shida yoyote. Mwalimu akiona anasema, "Huyu ni mgeni wa Kiingereza, atazoea." Miaka minne tulisema atazoea. Na kinyume chake kipo pia: watoto wangapi wameandikwa "wazito" kumbe hawajafundishwa tu lugha ya kitabu?

Filamu haina jibu la hilo kwa sababu haikuuliza, ingawa India nayo ni nchi ya lugha nyingi kuliko yetu. Ilibidi tujiulize wenyewe. Mwalimu mmoja wa Arua, aliyesomea elimu ya mahitaji maalumu Kyambogo, ndiye aliyetuonyesha pa kuanzia: msimpime kwa Kiingereza kwanza. Mpimeni kwa lugha anayoota nayo. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosemwa. Ukijua ba be bi bo bu, umefika nusu ya safari. Kwa Kiingereza neno moja linakudanganya katikati na mwishoni. Ndiyo maana, katika lugha za maandishi manyoofu kama Kitaliano au Kifini, mtu wa disleksia huenda asikosee sana, anachelewa. Nikampa mpwa wangu ukurasa wa Kiswahili, habari ya sungura na fisi anayoijua tangu utotoni. Aliusoma wote. Karibu bila kosa. Ulimchukua muda wa kupika chai, na alipomaliza alikuwa ametoka jasho kama mtu aliyepanda mlima Liru. Hapo ndipo niliamini. Na hapo ndipo nilikumbuka lile daftari lililoraruliwa.

Sasa nusu ya pili ya filamu, ile ambayo watu wanalia. Nikumbh anafika, anaona, anafundisha. Anamwandikisha mtoto herufi kwenye mchanga, anafinyanga udongo, anapanda na kushuka ngazi naye wakihesabu. Hizo njia ni za kweli, mwalimu wa Arua anazitumia, na mchanga tunao bure. Tatizo langu ni hesabu. Mwalimu mmoja, mtoto mmoja, saa nyingi. Shule za makambini huku kwetu, Rhino Camp, Imvepi, Lobule, kuona watoto mia na zaidi mbele ya mwalimu mmoja si ajabu. Akitokea Nikumbh huko, siku ya kwanza atatafuta chaki. Simlaumu mwalimu wa mia. Ninalaumu hadithi inayotufundisha kukaa tukimsubiri mwalimu wa mmoja.

Halafu kuna mashindano. Ishaan ni mchoraji wa ajabu, na filamu inaishia kwenye tamasha la kuchora ambapo anamshinda hata mwalimu wake, picha yake inawekwa kwenye jalada la kitabu cha shule, na baba anatokwa machozi. Kabla ya hapo Nikumbh ameshawatajia wanafunzi orodha ya wakubwa waliosumbuliwa na herufi: Einstein, Leonardo da Vinci, Edison, mpaka nyota wa sinema wa Kihindi. Kibandani watu walipiga makofi. Mimi nilimtazama mpwa wangu. Mpwa wangu hachori. Haimbi vizuri, mpira anacheza kama sisi wote. Ni mtoto wa kawaida, mwenye huruma, anayejua bei ya kila kitu sokoni. Filamu inamwambia nini? Kwamba utasamehewa kutosoma ukileta kipaji cha kulipia deni. Asiye na kipaji, je? Nilipomuuliza njiani ameipendaje, alisema ni nzuri. Baada ya hatua kama ishirini akasema, "Lakini yule anajua kuchora."

Ukosoaji wangu wote ningeweza kuuacha na sentensi hiyo ya mtoto. Ila kuna Rajan.

Rajan ndiye wa kwanza kukaa na Ishaan bwenini. Anamweleza shule inavyokwenda, anamwambia kwamba maana ya shairi aliyoitoa ndiyo sahihi, anamsindikiza. Hana digrii ya mtu yeyote. Nikumbh akishaingia, filamu inamsahau Rajan taratibu, anabaki mtazamaji wa ushindi wa mwenzake. Hapo naona mtengenezaji aliipita lulu akienda kuokota kioo. Kwa sababu Rajan tunaye. Rajan ndiye kitu pekee tulicho nacho kwa wingi.

Fikirini tunavyoishi. Ukiingia ujumbe wa simu kuhusu mgao, mzee anampa kijana simu: nisomee. Kwenye kibanda cha kutumia pesa, mama anataja namba kwa mdomo, mwingine anabonyeza. Fomu inaletwa, mmoja anasoma, kumi wanasikiliza, wanaweka kidole gumba. Hakuna anayemwita yule mzee mjinga. Tena ndiye anayeamua kesi zetu. Tumejenga maisha mazima ambamo asiyesoma anasomewa, bila aibu, bila mradi wa shirika lolote. Halafu mtoto wake akiingia lango la shule, msaada ule ule unaitwa kuibia mtihani. Mimi mwenyewe nimesoma barua za watu wazima pale Lobule mpaka sauti ikakauka, nikarudi nyumbani nikamchapa mtoto kwa kuomba dada yake amsomee swali.

Kwa hiyo tulianza na hilo, wazazi watano, hatuna jina wala bendera. Jumamosi asubuhi, chini ya mwembe, kabla jua halijawa kali. Msichana mmoja jirani, yuko S.2, anasoma maswali ya zamani ya Social Studies kwa sauti, mpwa wangu na wenzake watatu wanajibu kwa mdomo, kisha wanaandika neno moja moja. Wadogo wanachora sauti moja kwa siku kwenye mchanga. Fundi cherehani anakuja kwa sababu mwanawe yuko pale, na siku moja alituambia, akitazama pembeni, kwamba yeye pia. Miaka hamsini, na vipimo vyote vya nguo anavihifadhi kichwani. Mara moja kwa mwezi mmoja wetu anapanda teksi kwenda Arua kumuuliza mwalimu yale yaliyotushinda. Ni kilomita hamsini na kitu, nauli tunachanga. Siwezi kusema tunafanya vizuri. Mzazi mmoja aliacha baada ya kuambiwa tunakusanya watoto wenye mapepo.

Wengine wamefika mbali kuliko sisi. Kenya, pale Kitengela, kuna shule inayoitwa Rare Gem Talent School, ya watoto wa aina hii hasa. Jina lake tena lina "kipaji" ndani, mtaona mimi na neno hilo hatuelewani. Lakini sisi shule ya peke yao hatuiwezi, na sijui kama tunaitaka. Tunachotaka mwaka huu ni kidogo kuliko hicho: dakika 45. UNEB, wanaosimamia PLE, huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 45 za ziada, na wengine hupewa mtu wa kuwasaidia chumbani. Disleksia imo miongoni mwa mahitaji hayo. Ila shule ndiyo inayoandikisha mtahiniwa, shule ndiyo inayopaswa kuandika kwamba ana hitaji hilo. Kwenye shule yake, ambayo siitaji, nimeambiwa nilete karatasi. Nilileta. Nikaambiwa karatasi hiyo si ya hospitali. Nikasema hili si la hospitali. Tukatazamana. Yule mwalimu mkuu si mtu mbaya; ana watoto wengi na fomu nyingi, na mbele yake kuna mtoto anayetembea vizuri, anayeona vizuri, anayemwamkia kwa adabu. Hitaji liko wapi? Neno "ugonjwa" lingemsaidia kuliona, na ndilo neno ambalo sitaki kumpa.

Basi mwezi uliopita tuliomba filamu irudiwe pale pale kibandani, wazazi tukachangia mafuta ya jenereta. Kijana mtafsiri alikuja nyumbani siku moja kabla. Nilikuwa nimemlalamikia lile neno, na yeye, tofauti na watengenezaji filamu, anaweza kurekebisha kazi yake. Alikaa na mpwa wangu wakajaribu maneno. "Uzito wa kusoma" mtoto aliukataa, ndiyo jina analoitwa darasani. "Disleksia" peke yake, mama wa Aba hatashika. Waliongea mpaka usiku, mimi nikawaacha.

Ilipofika ile sehemu ya sebuleni, kijana akavuta pumzi akasema: "Anawaambia wazazi: mutoto wenu anaona, anasikia, akili iko. Kusoma ndiyo kunamukawisha. Mumusomee, mumupe wakati." Ni tafsiri ndefu kuliko alichosema Nikumbh, midomo ya mwigizaji ilikuwa imeshafunga. Hakuna aliyecheka. Mama wa Aba alikuwa amekaa pale pale pa siku ile, safari hii na mjukuu wake mapajani.

"Na siku ya mtihani," akauliza, "nani atamusomea?"

Kijana alinitazama gizani, mimi nikamwonyesha kwa mkono aendelee. Barua ya mwalimu wa Arua ilikuwa mfukoni mwangu. Jumatatu nilikuwa naipeleka shuleni mara ya tatu, na kuandikisha kunafungwa Ijumaa.